Sanamu ya Askari, Dar es Salaam: ukumbusho unaoahidi jina usilolitaja

Mwalimu wa historia wa Dar es Salaam anayetaka wanafunzi wake wajifunze kuisoma minara na sanamu kama vyanzo vya historia ya jamii hana haja ya kukodi basi. Sanamu ya Askari ipo Mtaa wa Samora, kwenye kiplefti unachokipita ukitoka Posta Mpya kushuka Posta ya Zamani. Imesimama hapo tangu 1927. Ina sura, ina maandishi, ina tarehe na ina mahali pake. Vyote vinne vinatoa ushahidi, na ushahidi huo haukubaliani.

Nimeichagua kuwa kisa kwa sababu inajibu upesi mno. Mtu akiitazama mara moja huondoka na jibu lake: ni kumbukumbu ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Jibu hilo si la uongo. Lakini uliza maswali ambayo jamii huuliza (watu gani, kutoka wapi, walichukuliwaje, nani hakurudi, nyumbani kulisemwa nini) na sanamu inanyamaza kabisa. Ukimya huo una sababu zake, zinafuatilika, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye manufaa zaidi katika kuisoma.

Sura

Askari ni wa shaba nyeusi. Yuko katika mwendo wa kushambulia, bunduki mikononi, singe imeelekea upande wa bandari. Sare ni ya wakati wa vita vile vya 1914 hadi 1918. Aliyemchonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na shaba ilimiminwa London, katika kiwanda cha Morris cha Westminster. Kabla ya kupakiwa melini ilionyeshwa Royal Academy, jumba la sanaa la London, na magazeti ya huko yakaisifu.

Maelezo hayo ya mwisho hupitwa haraka, na hayastahili kupitwa. Watazamaji wa kwanza wa sanamu hii walikuwa watu wa London. Kila kilichomo usoni na mwilini mwa yule askari, ushupavu wake, utii wake, kifua kilivyotangulia, kilipita kwanza mbele ya macho yao kikakubaliwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayeuliza "askari wa zamani walikuwaje?" anauliza mahali pasipo pake. Swali linalojibika hapa ni hili: Waingereza wa 1927 walitaka kumkumbuka askari Mwafrika akiwa katika hali gani?

Jibu huwa wazi zaidi ukimweka askari huyu kando ya mwenzake aliyemtangulia. Kabla ya vita, Wajerumani walikuwa wamesimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, yule kamanda aliyetumwa 1889 kuvunja upinzani wa watu wa pwani chini ya Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Katika sanamu ile kulikuwa na askari Mwafrika pia, ila alikuwa chini, kwenye kitako, akimtazama juu bwana wake. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, Wissmann aliondolewa. Alifika London, kisha akarudishwa kwa Wajerumani, wakamsimamisha tena Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Wanafunzi wa chuo hicho walimwangusha 1967, na tena 1968, na safari hiyo hakuinuliwa.

Basi katika miaka isiyofika ishirini mji uleule ulikuwa na askari wawili wa shaba, mmoja miguuni pa Mzungu na mwingine akiwa peke yake juu ya kitako. Ni rahisi kusema huo ni ubinadamu wa Mwingereza dhidi ya ukatili wa Mjerumani, na hivyo ndivyo utawala mpya ungependa tusome. Mimi nasoma kwa tahadhari zaidi. Tanganyika ilikuwa imekabidhiwa kwa Uingereza chini ya usimamizi wa Shirikisho la Mataifa, na mtawala mpya alihitaji kuonyesha kwamba anajua kushukuru. Ukumbusho wa shukrani ni hoja ya kisiasa pia. Hilo halifuti shukrani yenyewe, lakini linamtaka msomaji asimamishe tarehe mbili akilini kwa wakati mmoja: tarehe ya tukio linalokumbukwa na tarehe ya kukumbuka. Kilichoandikwa katika shaba kwa kawaida ni ushahidi mzuri zaidi wa ile ya pili.

Maandishi

Kwenye kitako kuna maneno kwa Kiingereza na Kiswahili, na maandishi ya herufi za Kiarabu. Uwepo wa herufi hizo ni ushahidi mdogo wa thamani: mwaka 1927 watu wengi wa pwani waliojua kusoma walikuwa wamefundishwa chuoni, yaani madrasa, kwa hati ya Kiarabu, na aliyeyapanga maandishi alilijua hilo. Hapa angalau mtazamaji wa Dar es Salaam alifikiriwa.

Aliyetunga maneno ni Rudyard Kipling, mshairi wa dola, aliyekuwa mshauri wa Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita kwa mambo ya maandishi ya kumbukumbu. Yanasema kwa muhtasari kwamba huu ni ukumbusho wa wanajeshi wenyeji wa Kiafrika waliopigana, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa watu wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu. Kisha linakuja sharti na ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa maana kila kipande cha sentensi kina tatizo lake.

Anza na "mfalme na nchi yao". Agosti 1914 vita vilipoanza, mtu wa Dar es Salaam, Tabora au Songea alikuwa chini ya Kaizari wa Ujerumani. Mfalme wa Uingereza alikuwa adui wa serikali iliyomtoza kodi. Jeshi la Wajerumani lilikuwa na askari Waafrika wapatao 11,000 lilipofikia upeo wake, wengi wao wakiwa watu wa nchi hii, na kitako cha Samora hakina neno juu yao. Jambo linazidi kuchanganya kwa sababu wengine walipigana pande zote mbili: batalioni ya 6 ya King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, iliyoundwa 1917, ilijazwa na watu waliokuwa askari wa Mjerumani kabla ya kutekwa. Mtu kama huyo maandishi yanamkumbuka kwa nusu ya vita na kumkana kwa nusu nyingine.

Kisha tazama maneno yenyewe yanapatikana wapi kwingine. Maandishi haya ya Kipling yako pia kwenye kumbukumbu za Nairobi na Mombasa. Nairobi, ambako ukumbusho ulizinduliwa 1928 kwa mkono wa mchongaji yuleyule, kuna watu watatu wa shaba badala ya mmoja, na miongoni mwao yumo mpagazi. Kulinganisha huku ni kazi ya saa moja na kunatoa matokeo makubwa. Sentensi iliyowekwa sawasawa katika miji mitatu ya nchi mbili zilizokuwa pande tofauti za vita haiwezi kuwa sauti ya mji wowote kati ya hiyo. Ni sauti ya ofisi moja. Na pale ambapo ofisi hiyo iliruhusu tofauti, yaani idadi na aina ya watu wa shaba, Dar es Salaam ikapata mtu wa bunduki peke yake. Mpagazi alibaki kwenye maneno.

Halafu neno "jina". Zunguka kitako chote: hakuna hata jina moja la mtu aliyekufa.

Mtu anaweza kujibu kwamba hayo ni mambo ya ushairi, na kwamba vita vile vilikuwa na vifo vingi mno kuorodheshwa. Jibu hilo lingetosha kama jiji lisingekuwa na ukumbusho wa pili. Katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam, yaliyo kwenye barabara ya Ali Hassan Mwinyi, kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi waliokufa Afrika Mashariki kuanzia Januari 1917 na ambao makaburi yao hayajulikani. Majina yao yapo, zaidi ya 1,500. Makaburi yenyewe yalihamishiwa hapo 1968 kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara, yote 660, moja moja. Ni tume ileile iliyojenga kumbukumbu hizi mbili katika mji mmoja, kwa ajili ya vita vimoja. Upande mmoja wamepewa majina, upande wa pili wamepewa sanamu.

Kipling mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume, John, aliyeuawa Loos, Ufaransa, Septemba 1915 akiwa na miaka 18. Mwili haukujulikana ulipo enzi za uhai wa baba yake. Jina lake lilichongwa ukutani kwenye ukumbusho wa Loos pamoja na maelfu ya wengine wasio na makaburi. Sitaji hili kwa kumsuta mzazi aliyefiwa. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha kwamba watu waliotunga na kusimamia kumbukumbu hizi walijua vizuri sana jina la maiti lina uzito gani.

Kwa nini majina hayapo

Tume ya makaburi iliundwa 1917, na msingi wake uliotangazwa ulikuwa usawa: cheo, rangi wala dini visilete tofauti katika kumkumbuka aliyekufa. Ulaya msingi huo ulifuatwa kwa kiasi kikubwa. Huku kwetu haukufuatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ofisa mmoja wa tume aliandika kwamba, kwa alivyoelewa, Gavana wa Tanganyika aliona makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudie pori upesi iwezekanavyo, na hakupenda kuzitazama takwimu za Waafrika waliokufa kwa ajili ya shida za usafirishaji. Yaani, makaburi yalikuwepo. Watu walizikwa mahali panapojulikana, na uamuzi wa kupaacha papotee ulipita mezani.

Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti kuhusu jambo hili. Ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo ya usawa, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hilo la pili ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Ripoti ilikiri kwamba ubaguzi wa rangi wa fikra za kidola ulichangia.

Kwa anayefanya utafiti wa jamii, takwimu hizi zina matumizi ya moja kwa moja. Zinageuza kitako kitupu kutoka kasoro ya ufundi kuwa kumbukumbu ya uamuzi. Na uamuzi wa serikali huacha karatasi.

Mpagazi

Nirudi kwa yule aliyebaki kwenye maneno, kwa kuwa bila yeye vita hivi havieleweki. Tanganyika ya 1914 ilikuwa na reli mbili: ya kati, iliyofika Kigoma mwaka huohuo, na ya Tanga hadi Moshi. Kusini yote ilikuwa njia za miguu. Farasi, punda na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Unga, risasi, mahema, majeruhi, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa, kila mtu na mzigo wake wa kilo ishirini na zaidi, kwa miezi, na kadiri jeshi lilivyozama kusini ndivyo wapagazi walivyohitajika wengine kubeba chakula cha wapagazi.

Waingereza walitumia katika kampeni nzima wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Wanahistoria wengi hutaja vifo vinavyokaribia 100,000 au kuzidi hapo. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Sehemu ya kuhara ilitokana na posho: unga wa mahindi kwa watu ambao wengi walizoea vyakula vingine, ukipikwa nusunusu njiani kwa sababu kuni, maji na muda havikutosha. Sanamu ya mtu anayekufa kwa kuhara haijengwi popote duniani. Ndiyo maana nasema mkao wa kushambulia wa askari wa Samora unatuficha kifo cha kawaida cha vita hivi.

Wajerumani nao walichukua wapagazi wao, mara nyingi kwa nguvu, na kumbukumbu za vifo vya hao ni haba zaidi. Misafara yao ilifuatwa pia na wanawake na watoto wa askari. Kitako kinataja wanaume tu. Hakitaji pia watu waliobaki vijijini ghala zikisombwa na pande zote mbili: Ugogo, kunyang'anywa chakula na mifugo pamoja na ukame kulizaa njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliipa jina, Mtunya, na makadirio ni kwamba iliua watu wapatao 30,000. Mwanafunzi wa Dodoma akiletwa mbele ya Sanamu ya Askari aambiwe "hii ni kumbukumbu ya vita vile", ana haki ya kuuliza bibi zake wamewekwa wapi.

Dar es Salaam, mpagazi alipata ukumbusho ambao hakuna kamati iliyouzindua. Jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelianza kabla ya vita lilifanywa na Waingereza kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na mtaa ukabaki na jina hilo: Kariakoo. Nairobi pia ina Kariokor yake kwa sababu hiyohiyo. Kila mtu anayajua haya, yamekuwa kama kitendawili cha shule, ndiyo maana watu huyasema na kuendelea na safari. Kwa anayefanya uchambuzi, cha maana ni kulinganisha aina mbili za kumbukumbu katika mji mmoja. Ile ya shaba ilipangwa, ikalipiwa, ikaandikwa na mtu maarufu. Ile ya Kariakoo ilitokea tu katika matumizi ya wakazi, na imedumu kupita serikali tatu, majengo mawili ya soko na moto wa Julai 2021.

Mahali

Ramani ya mji wa miaka ya 1920 inaongeza jambo ambalo sanamu yenyewe haiwezi kukuambia. Waingereza waliugawa mji katika maeneo matatu ambayo wakazi waliyaita kwa majina ya wenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya mji wa biashara na Uswahilini, ambayo kiini chake kilikuwa Kariakoo, waliacha uwanja wazi, Mnazi Mmoja, uwatenganishe. Askari alisimamishwa upande wa huku, kwenye barabara iliyoitwa wakati huo Acacia Avenue, kwenye maduka na ofisi za Wazungu na Wahindi. Ndugu wa waliokufa waliishi ng'ambo ya uwanja. Walipita hapo, bila shaka, wakienda na kurudi kazini. Lakini ukumbusho wa wafiwa hujengwa karibu na wafiwa, na huu ulijengwa karibu na serikali.

Barabara imebadilika jina tangu hapo: Acacia, kisha Independence, kisha Samora. Sanamu haikuguswa, na hilo nalo ni ushahidi. Nairobi, Lord Delamere wa shaba, aliyekuwa kiongozi wa walowezi wa Kizungu, aliondolewa baada ya uhuru akapelekwa shambani kwa familia yake. Hapa, mtu aliyekuwa juu ya kitako alikuwa Mwafrika, na taifa jipya liliweza kuishi naye bila kumwonea haya. Wazee wa mjini waliendelea kumwita Bismini, vijana wakamwita Askari, makondakta wakamfanya kituo.

Hata hivyo heshima rasmi ilipelekwa kwingine. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, inapoadhimishwa Dar es Salaam, mkuki na ngao huwekwa Mnazi Mmoja, kwenye mnara wa mashujaa, katika uwanja uleule uliokuwa ukitenganisha rangi. Serikali huru ilichagua mahali pake yenyewe na alama zake yenyewe. Sioni kama ilikuwa dharau kwa wale wa 1914. Naona ni usomaji sahihi: waliona kwamba kitako cha Samora kinamtaja mfalme ambaye hawakuwa naye tena.

Kutoka hapo kwenda wapi

Mpaka hapa tumeisoma sanamu kwa kadiri inavyosomeka. Historia ya jamii inaanzia pale inapoishia, na nina maoni yangu kuhusu mpangilio wa kazi.

Wengi wangekimbilia kwanza kwa wazee na kinasa sauti. Ningeanza na karatasi, na sababu ni ya hesabu tu: aliyekuwa na miaka ishirini 1916 angekuwa na zaidi ya 125 leo. Anayehojiwa ni mjukuu au kitukuu, na alichonacho ni kipande: jina, mahali, "hakurudi". Kipande hicho ni dhahabu kikikutana na karatasi, na kinapeperuka kikiwa peke yake. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina majalada ya sekretarieti ya Waingereza. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa East Africana. Gazeti la Mambo Leo, la Kiswahili, lilikuwa likitolewa na serikali tangu 1923, kwa hiyo matoleo ya 1927 yanafaa kupekuliwa, mradi msomaji akumbuke nani alikuwa mhariri wake. Ushauri wangu ni kufuata malipo. Baada ya vita serikali zilijadili sana mishahara ya wapagazi waliokufa bila kulipwa, na penye fedha pana orodha.

Kisha vitu vya nyumbani. Medali za vita za Waingereza, zile za duara, huchongwa ukingoni namba, jina na kikosi cha aliyepewa, na askari wa KAR nao waliandikwa hivyo. Herufi ni ndogo, mara nyingi zimesuguliwa na miaka, na unahitaji kuigeuza medali polepole kwenye mwanga wa pembeni ili uzione. Familia nyingi zenye medali ya babu huzijua pande zake mbili na hazijawahi kuutazama ukingo. Ukingo huo unakanusha dai lolote kwamba majina ya Waafrika hayakuwa yakijulikana: serikali iliyaandika kwenye medali za walio hai miaka ileile ilipoacha kuyaandika kwa wafu.

Ndipo mahojiano. Swali "babu alipigana vita?" ni bovu, kwa sababu mpagazi hakupigana na wajukuu wake watajibu hapana. Afadhali "nani katika ukoo alichukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani?", halafu uulize alichukuliwa na nani, akiwa wapi, alibeba nini, na wenziwe waliorudi walileta habari gani. Upande aliokuwa usiukisie kwa kusikia neno askari. Na usimsahihishe msimulizi papo hapo akichanganya vita vya kwanza na vya pili, jambo linalotokea sana. Andika alivyosema, tarehe utazipanga baadaye kwa kuuliza nani alizaliwa kabla na nani baada ya kuondoka kwake.

Kuna hatari moja ambayo kisa hiki kinaionyesha vizuri. Mtafiti akishakuta kitako kitupu, hupata hamu ya kukijaza, na familia nazo hupenda kusikia kwamba babu alikuwa shujaa. Mpagazi aliyekamatwa sokoni akafungwa kamba hadi kambini hakuomba kuwa shujaa wa mfalme yeyote. Kumgeuza kuwa askari wa kujitolea ili aonekane vizuri ni kurudia kazi ya 1927 kwa mkono wetu wenyewe.

Baada ya ripoti ya 2021 tume iliahidi kutafuta majina katika nyaraka za nchi zilizohusika, na kwa hiyo swali la wapi yawekwe yakipatikana si la kinadharia tena. Wapo watakaosema Samora, kwa kuwa ndiko ahadi ilikoandikwa. Nafasi haipo, kiplefti ni kidogo na magari hayakuruhusu kusimama ukasoma. Makaburi ya vita yana utulivu na yanatunzwa vizuri, lakini anayefika huko ni yule aliyekusudia. Ningeyaweka Kariakoo, kwenye ukuta wa soko, kwa urefu wa macho, yakiwa na wilaya ambako kila mtu alichukuliwa. Mfanyabiashara wa Mbinga au Singida anayeshuka hapo kununua mzigo angeweza kusimama dakika mbili akatafuta jina la ukoo wake.